Kiti Mbele ya Nyumba ya Akina Dudek

Kabla hapajapambazuka, sauti ya kwanza nyumbani kwa akina Dudek ilikuwa ya miguu ya chuma ikikwaruza ngazi za saruji. Bernadette alikuwa anashusha kiti. Alijaribu kukibeba kimyakimya ili asiwaamshe majirani, lakini alikuwa na miaka sabini na sita na mkono mmoja umeshikilia ukuta, kwa hiyo kiti kiligonga kila ngazi kilivyotaka. Majirani walikwisha kuzoea. Odessa Pettway, aliyekaa ng'ambo ya barabara, alikuwa akiisikia sauti ile anajigeuza upande wa pili na kulala tena, akijua kwamba Mzee Walter anapelekwa kusafishwa damu.

Kilikuwa kiti cha jikoni cha zamani, kikalio chake chekundu kimepasuka na kuzibwa kwa utepe wa gundi. Bernadette alimsaidia mumewe kuingia garini, akalisogeza gari mbele kidogo, akatoka injini ikinguruma, akakiweka kiti palepale gari lilipokuwa limelala. Katika mtaa wetu wa kilimani, hapa Pittsburgh, kiti kikiwa barabarani mbele ya nyumba ya mtu, nafasi ile ya gari ina mwenyewe. Hakuna sheria ya mji inayosema hivyo. Polisi ukiwauliza watakuambia barabara ni ya wote, na mbele ya nyumba zao wenyewe kuna viti.

"Umekiweka sawa?" Walter aliuliza mkewe aliporudi garini.

"Nimekiweka."

"Kimeangalia wapi?"

"Kimeangalia mtoni, Walter. Ulitaka kiangalie wapi, televisheni?"

Walter alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Bernadette alimfunga skafu vizuri shingoni, wakateremka kilima.

Chini ya kilima kulikuwa na jengo jipya la vioo, na kando yake jengo la pili lilikuwa linapanda, winchi ikiwa imesimama juu yake na taa nyekundu. Hapo zamani palikuwa kiwanja cha kiwanda cha bia, na kiwanda kilipofungwa mtaa mzima ulikuwa ukilaza magari pale bila kuulizwa. Wakati huo katikati ya mji palikuwa ng'ambo ya daraja, na watu wa kilimani walikwenda huko kununua viatu. Sasa katikati ya mji palikuwa pamevuka daraja na kuanza kupanda. Jengo la vioo lilikuwa na maegesho yake chini ya ardhi, lakini kodi ya nafasi moja kwa mwezi ilizidi fedha ambazo Bernadette alinunulia chakula, na wapangaji wengi, ingawa walikuwa vijana wenye kazi nzuri, waliona afadhali walaze magari yao mtaani.

*

Walirudi karibu na adhuhuri. Mbele ya nyumba palikuwa na gari dogo la buluu. Kiti hakikuwepo.

Bernadette alisimama katikati ya barabara na kutazama huku na huku, kana kwamba kiti kingeweza kuwa kimetembea kidogo. Nyuma yake lori la zege lilipiga honi. Kwa kawaida Walter akitoka kwenye mashine ya kusafisha damu huwa hawezi kusimama peke yake. Lazima mkewe amshike kiunoni mpaka mlangoni, ngazi moja baada ya nyingine. Hakuweza kumwacha njiani akaegeshe, wala kuliacha gari njiani akampeleke. Lori likapiga honi tena, na nyuma yake likaja jingine.

"Twende tu, Bern," Walter alisema. "Watu wako kazini."

Walizunguka mtaa, wakazunguka tena. Upande mmoja wa barabara ulikuwa umezungushiwa uzio wa ujenzi, upande wa pili umejaa. Nafasi waliyoipata ilikuwa chini kabisa, karibu na daraja. Kutoka pale walianza kupanda, mzee ameegemea uzio kwa mkono mmoja na mke kwa mwingine, wakipumzika kila baada ya nguzo kadhaa. Walipofika lango la magari ya ujenzi, pale ambapo uzio unaisha na hakuna cha kushika, Walter aliteleza kwenye tope la saruji akaanguka kwa magoti, kisha kwa ubavu.

Langoni alisimama mwanamke mmoja mnene mwenye kofia ngumu na kibao cha kusimamisha magari. Alikigeuza kibao. Malori yote yakasimama, yaliyokuwa yakipanda na yaliyokuwa yakitoka, na msimamizi mmoja akapiga kelele kutoka juu akiuliza kuna nini. "Kuna mtu," mwanamke yule alijibu. Alimwinua Walter kwa kumkumbatia, kama anavyoinuliwa mtoto. Suruali ya mzee ilikuwa imelowa, na haikuwa tope peke yake. Mwanamke yule aliona. Alivua koti lake la rangi ya kung'aa, akamfunga Walter kiunoni, akafunga fundo la mikono kwa mbele, akiongea wakati wote huo habari za baridi.

"Mwaka huu theluji itawahi, mzee wangu. Mimi magoti yangu yananiambia."

"Yaambie magoti yako yapige simu kwa ya kwangu," Walter alisema.

Alimsindikiza mpaka ngazi ya mwisho. Koti hakulichukua. Alisema atalifuata siku nyingine, kwamba analo jingine.

*

Raymond alikuja jioni. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mhasibu, mwenye nyumba ya bustani pana kule nje ya mji, na hakuwa amefika kwa wazazi wake tangu Pasaka. Aliingia anahema.

"Mtaa gani huu! Nimezunguka mpaka nimechoka. Nimeacha gari kule kanisani."

"Kaa, nikupe supu," alisema mama yake.

"Sina njaa, Mama. Ameumia?"

"Magoti tu. Na ubavu umechubuka."

"Daktari amemwona?"

"Muulize mwenyewe," Walter alisema kutoka kwenye kiti chake cha kuegemea. "Nimechubuka ubavu, ulimi uko palepale."

Raymond alikaa ukingoni mwa kochi bila kuvua koti. Hakuwa mtu mbaya. Usiku mwingi alikuwa akiamka kwa hofu ya simu, na mchana ile hofu ilimtoka mdomoni ikiwa imekuwa ukali.

"Tulikubaliana wakati ule wa masika," alisema. "Nilisema Baba akianguka mara nyingine, mnahamia kwangu. Mlikubali wote wawili, hapa hapa."

"Mimi niliitikia kwa kichwa," Walter alisema. "Kulikuwa na mpira kwenye televisheni."

"Baba, sitanii. Nimeongea na dalali wa ile kampuni ya majengo. Wanataka nyumba zote za mstari huu, na kwenu watatoa bei nzuri kwa sababu ni ya pembeni. Jumamosi mchana anakuja kuiangalia. Kuiangalia tu."

Bernadette alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Baba yako alizaliwa kwenye chumba hiki, Ray. Pale lilipo kochi."

"Najua, Mama."

"Hajaanguka nyumbani. Hajaanguka hapa hata siku moja. Ameanguka kule chini kwa sababu kiti kiliondolewa. Kiti kingekuwepo, angekuwa ndani dakika ile ile."

"Mama." Raymond aliteremsha sauti, na hapo ndipo alipokuwa mkali zaidi. "Unasikia unachosema? Uhai wa Baba hauwezi kutegemea kiti cha jikoni. Wale watu wa jengo lile hawajui kiti ni nini. Si wenyeji wa hapa. Utaweka kingine, watakiondoa. Utaomba kibao cha maegesho ya walemavu, mji utakuambia subiri mpaka ujenzi uishe. Utafanya nini? Utasimama wewe barabarani?"

Walter alikuwa akiangalia dirishani, ambako winchi ilikuwa imewasha taa zake.

"Kwangu kuna chumba chini, kina bafu lake, hakina ngazi hata moja," Raymond alisema polepole. "Sio gereza, Baba."

"Sijasema ni gereza."

"Basi?"

"Basi, nimesikia," Walter alisema. "Jumamosi mwambie huyo dalali avue viatu. Mama yako amepiga deki."

Raymond alipoondoka, Bernadette aliikuta supu aliyokuwa amemwekea mezani imepoa, imefunikwa vizuri na sahani. Alikuwa ameifunika Raymond mwenyewe.

*

Odessa ndiye aliyejua. Odessa huwa anajua. Kesho yake, Ijumaa, alivuka barabara na kikombe chake cha kahawa.

"Ni yule msichana wa mbwa mwenye koti. Nimemkumbuka leo nilipomwona tena. Alfajiri ya jana nilikuwa msalani, nikachungulia, nikamwona amebeba kitu kichwani. Nikasema, na huyu naye anahama mapema. Kumbe ni kiti chako, shoga."

"Kichwani?"

"Kichwani! Mbwa mkono mmoja, kiti kichwani, anatabasamu kama ameokota dhahabu. Nenda kamtie adabu. Nikusindikize?"

"Nitakwenda mwenyewe."

Bernadette alichukua sahani ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha za viazi na jibini, alizozikunja asubuhi na akina mama wa kanisani, akazifunika kwa kitambaa. Odessa alimtazama.

"Unampelekea mwizi chakula?"

"Siwezi kuingia nyumbani kwa mtu mikono mitupu."

"Mungu anakuona, Bernie. Na mimi nakuona. Mjinga."

Katika jengo la vioo, kijana wa mapokezi alimwonyesha rafu bila kuinua uso. "Chakula kinaachwa pale, mama. Andika namba ya nyumba."

"Sikuleta chakula. Yaani, nimekileta, lakini nimekuja kumwona mtu. Msichana mwenye mbwa."

"Hapa kila mtu ana mbwa."

"Mbwa mwenye koti."

Kijana aliinua uso sasa, akaona viatu vya Bernadette, kitambaa cha sahani, na mikono yake. Akamwambia hawezi kumpigia mpangaji simu bila jina, na kwamba haruhusiwi kumkalisha ukumbini mtu asiye na mwenyeji. Bernadette alisimama nje ya mlango, pembeni, ili asiwazuie wanaoingia. Upepo wa mtoni ulikuwa mkali. Baada ya muda kijana yule alitoka, akamshika mkono, akamwambia aingie asimame karibu na kipasha joto, na kama mtu akiuliza aseme yeye ni bibi yake.

Msichana alipotoka kwenye lifti na mbwa, Bernadette alisema tu, "Binti, nadhani una kiti changu."

"Kile chekundu?" Uso wa msichana uliwaka kwa furaha. "Kilikuwa chako? Jamani, asante! Sikujua nimshukuru nani. Ndiyo kiti changu cha kwanza hapa!"

Aliitwa Corinne, naye alikuwa amehamia kutoka Portland, kule upande wa pili wa nchi. Alimpandisha Bernadette juu mara moja, hata hakumuuliza jina. Nyumba yake ilikuwa na godoro, kompyuta juu ya sanduku, na katikati ya sakafu, juu ya magazeti, kiti. Alikuwa amekipaka rangi ya manjano miguu yote minne na mgongo. Kikalio alikuwa amekitoa, akakivika kitambaa kipya chenye maua.

"Kwetu," alisema, "mtu akiwa na kitu asichokitaka anakiweka nje, kando ya barabara, na anayekihitaji anakichukua. Ndivyo tunavyofanya wote. Kitanda changu cha chuo nilikiokota hivyo. Nilipokiona kiti chako alfajiri nikasema, kumbe na huku watu wana moyo ule ule."

Bernadette alikuwa amesogea dirishani. Hakuwahi kuuona mtaa wake kutoka juu. Aliiona nyumba yake pembeni mwa mstari, nyembamba, bati lake limewekwa viraka, na nguo za Walter kwenye kamba, suruali moja imening'inia kando ya koti la kung'aa. Aliiona na ile nafasi mbele ya ngazi, gari lake, alilolirudisha usiku, limelala pale. Kutoka juu gari na nyumba vilikaribiana sana, kana kwamba mtu angeweza kuviunganisha kwa kidole.

"Huku kwetu," alisema, "kiti maana yake ni kwamba mtu anarudi."

Akamweleza. Hakuongeza chumvi, alisema habari za mashine, za lori, za lango la ujenzi, na kwamba kesho mchana mwanawe anakuja na dalali. Habari ya suruali hakuisema. Corinne alisikiliza mpaka mwisho, amesimama, mkono mdomoni. Kisha akakishika kiti ili akiinue, na vidole vyake vikaacha alama kwenye rangi.

"Bado mbichi," alisema, na hapo ndipo alipolia.

"Acha kikauke," Bernadette alisema. "Usilie, utatia chumvi kwenye pierogi. Una uma?"

Hakuwa na uma. Walikula kwa mikono.

*

Jumamosi hapakuwa na sauti ya chuma kwenye ngazi. Bernadette alikuwa amefikiri ataweka ndoo na ufagio, ingawa ndoo watu huisukuma kwa bampa. Alipofungua mlango alimkuta Corinne amesimama gizani, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi, kompyuta kwapani, mbwa miguuni.

"Kiti hakijakauka," alisema. "Nimekuja mimi."

Walter alimtazama kutoka kwenye gari. Gari lilipoondoka, msichana aliigeuza ile ndoo, akaikalia katikati ya nafasi, akafungua kompyuta mapajani.

Odessa alimletea kahawa kulipopambazuka. "Mwizi wewe," alimwambia, akimpa kikombe. "Umeweka sukari?" Corinne aliuliza. "Mwizi na mwenye kuchagua!" Odessa akarudi kuchukua sukari, na blanketi.

Watu walimpigia honi. Mmoja, mpangaji wa jengo lile lile, alimwambia kwamba barabara ni ya wote, na Corinne akamjibu kwamba ndiyo, ni ya wote, na yeye ni mmoja wao na amekaa. Mikono ilimwuma kwa baridi. Mwanamke wa kibao cha kusimamisha magari alimwona kutoka chini, na kila lori lililopanda alilinong'oneza kitu, na lori likampita polepole kwa mbali.

Karibu na adhuhuri likaja gari kubwa jeusi. Dereva aliteremsha kioo. Kando yake alikaa mwanamke mwenye kabrasha.

"Samahani, dada, naomba nafasi."

"Hii ina mwenyewe."

"Najua ina mwenyewe. Ni nyumbani kwetu. Mimi ni mtoto wa hapa."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Walter Dudek! Raymond! Nimelala nyumba hii miaka ishirini!"

"Basi unajua kwamba huwezi kuegesha hapa," Corinne alisema. "Nafasi ni ya Mzee Walter. Anatoka kwenye mashine."

Kutoka barazani Odessa alimpungia Raymond mkono. "Kanisani kuna nafasi, Ray! Tembea kidogo, umenenepa!"

Alikuwa bado hajarudi kutoka kanisani gari la wazazi wake lilipofika. Corinne alisimama, akaondoa ndoo, akamwelekeza Bernadette kwa mikono kama mtu anayeongoza ndege. Mlango ukafunguliwa. Walter akatoa mguu mmoja, wa pili, akashika bega la mkewe, na kabla hajaanza kuchoka alikuwa kwenye ngazi yake ya kwanza. Raymond alipochomoza juu ya kilima, anahema, dalali nyuma yake amevua viatu vya kisigino na kuvishika mkononi, alimwona baba yake akifungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe.

Alisimama pale pale barabarani. Hakuwa amemwona baba yake akirudi kutoka kwenye mashine hata siku moja. Alikuwa amesimuliwa tu, kwa simu.

Dalali aliingia, akaangalia vyumba, akasifu sakafu. Raymond hakumfuata. Alikaa jikoni, akala supu, bakuli zima, kisha akaomba tena. Dalali aliporudi na kuanza kutaja tarehe, alimkatiza.

"Sio leo. Nitakupigia."

"Lini?"

"Theluji ikipita."

"Kampuni haiwezi kusubiri mpaka—"

"Basi haiwezi," Raymond alisema.

Bernadette aligeukia jiko ili watu wasimwone uso. Walijua wote kwamba halikuwa jambo la milele. Winchi ilikuwa palepale dirishani, na nyumba mbili za mstari ule zilikwisha kuuzwa. Corinne mwenyewe alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja. Lakini alikuwa amesema kiti kitakuwa kimekauka kufikia Jumanne, na kwamba kwa rangi ile hakuna dereva atakayesema hakukiona.

Raymond alimsindikiza dalali mlangoni, kisha akarudi kuchukua koti lake. Aliinama akambusu baba yake kwenye kipaji cha uso.

"Nakwenda, Baba. Gari langu liko mbali."

Walter alimshika mkono, hakuuachia.

"Njoo tena, Ray," alisema. "Bila dalali. Wewe sema siku tu, mama yako atakuwekea kiti."